Mtikisiko wa Usukani katika Gari Lililoinuliwa

Mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara, umekaa penye njia panda. Barabara kuu itokayo Arusha huingia mjini kwa upande wa kaskazini. Kutoka hapo njia moja huelekea Kondoa na Dodoma, na nyingine huelekea Katesh na Singida. Barabara hizo kuu ni za lami; ile ya Dodoma hadi Babati, yenye urefu wa kilomita 251, ilizinduliwa mwaka 2018. Lakini gari likiiacha lami na kushika njia za mashambani au za mbugani, hukutana na mawe, makorongo na, wakati wa masika, matope mazito. Kwa sababu hiyo wenye magari ya porini aghalabu huyainua: hutia springi ndefu zaidi na matairi makubwa zaidi, ili tumbo la gari lisikwaruze ardhi.

Gari la namna hiyo hupita vizuri katika matope ya Magugu na katika mawe ya Dareda. Taabu huanza linaporudi kwenye lami. Dereva anakwenda kilomita 80 kwa saa. Gurudumu moja la mbele linakanyaga shimo dogo au ukingo wa daraja. Na ghafula usukani unaanza kuchezacheza kwa nguvu, kushoto na kulia, mara kadhaa kwa sekunde moja, hata mikono ikashindwa kuushika. Sehemu yote ya mbele inarukaruka kana kwamba ekseli inataka kung'oka. Mtikisiko hauishi shimo linapopitwa. Huisha tu gari likishapunguza mwendo sana.

Fundi akielezwa hayo, mara nyingi hufunga shokapu mpya ya usukani. Gari hutulia kwa majuma machache, kisha ugonjwa hurudi, na pengine kwa ukali zaidi. Makala haya yanaeleza kwa nini hali huwa hivyo, na jinsi chanzo kinavyoweza kutafutwa kwa kanuni ambazo mwanafunzi wa sekondari amekwisha kuzisoma katika fizikia.

AINA MBILI ZA MTETEMO

Jambo la kwanza ni kutofautisha mitetemo ya aina mbili, kwa maana tiba zake ni mbalimbali.

Aina ya kwanza ni mtetemo wa kusukumwa. Mfano wake ni mtoto katika bembea. Anayesukuma akisukuma kwa kufuata nyakati za bembea yenyewe, bembea hupanda juu zaidi na zaidi. Akiacha kusukuma, hutulia taratibu. Katika gari, anayesukuma ni tairi lisilo na uzito sawa pande zote. Mtetemo wa namna hii huja polepole mwendo unapofikia kiwango fulani, na hupungua mwendo ukizidi au ukishuka. Hauhitaji shimo ili uanze.

Aina ya pili ni mtetemo unaojilisha wenyewe. Mfano wake mzuri ni zeze la Wagogo. Mpigaji huvuta upinde kwa mwendo ulio sawa, wala mkono wake hautetemeki mamia ya mara kwa sekunde. Lakini uzi hutetemeka hivyo, kwa kuwa kila unapocheza huchota nishati kidogo katika mwendo wa upinde. Ndivyo ulivyo mtikisiko mkali wa usukani. Nishati yake hutoka katika mwendo wa gari lenyewe, yaani hutoka kwa injini, na shimo la barabarani ni mwanzishi tu. Ndiyo maana mtikisiko huendelea hata baada ya shimo kupitwa, na ndiyo maana kulilaumu shimo hakumfikishi mtu popote. Swali la kuuliza ni hili: gari limepatwa na nini hata likashindwa kuizima nishati ya pigo dogo kama hilo?

TATIZO LENYE HISTORIA

Mtikisiko huu si jambo geni. Katika miaka ya 1920, matairi laini yenye upepo mdogo na breki za magurudumu ya mbele zilipoenea, magari mengi ya Ulaya na Marekani yalisumbuliwa nao. Mwaka 1925 mhandisi Mfaransa Georges Broulhiet alichapisha uchunguzi wake juu ya jambo hilo. Katika miaka ya 1930 watengenezaji wengi wa magari madogo waliiacha ekseli moja ngumu ya mbele, wakalipa kila gurudumu springi yake lenyewe. Na kuondoa mtikisiko kulikuwa miongoni mwa sababu zao.

Magari mengi ya porini, hata hivyo, yamebaki na ekseli ngumu kwa kuwa ni imara na hutengenezeka kwa urahisi. Hiyo ndiyo hali ya Land Rover Defender za muundo wa zamani, uliokoma kutengenezwa mwaka 2016, na ya Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 70, ulioanza mwaka 1984. Ekseli ngumu huyafunga magurudumu mawili pamoja, hata la kushoto likipigwa, la kulia nalo husikia.

Hapa mwanafunzi na aikumbuke pia, ile achezewayo na watoto. Pia inayozunguka ikisukumwa kwa kidole, haianguki upande uliosukumwa, bali huenda upande mwingine ulio pembemraba na ule. Gurudumu la gari nalo ni pia kubwa. Shimo linapoinua upande mmoja wa ekseli, magurudumu yanayozunguka huinamishwa, nayo hujibu kwa kutaka kugeuka kushoto au kulia. Kupanda na kushuka kwa ekseli kukazaa kugeuka kwa usukani, na kugeuka kwa usukani kukazaa kupanda na kushuka kwa ekseli. Mduara huo usipokatwa na msuguano wa kutosha, hukua.

HESABU YA TAIRI NA MATOPE

Ichukuliwe kwamba tairi lina kipenyo cha mita 0.80. Mzingo wake ni karibu mita 2.51. Gari likienda kilomita 80 kwa saa, sawa na mita 22.2 kwa sekunde, gurudumu huzunguka mara 8.8 kwa sekunde. Marudio hayo ndiyo yaletayo balaa, kwani hukaribiana na marudio ya asili ya ekseli na usukani wa magari mengi ya aina hii.

Sasa ichukuliwe kwamba gramu 200 za tope la mfinyanzi zimeganda ndani ya rimu, mahali pamoja, sentimita 20 kutoka katikati. Kani ya kuvuta nje hupatikana kwa kuzidisha tungamo, nusukipenyo cha mzunguko, na kipeo cha pili cha kasi ya kuzunguka. Kasi hiyo ni mita 22.2 kwa sekunde ikigawanywa kwa mita 0.40, yaani radiani 55.5 kwa sekunde. Jibu ni karibu nyutoni 123. Hiyo ni sawa na uzito wa mzigo wa kilo 12 na nusu, unaolivuta gurudumu huku na huku karibu mara tisa kila sekunde. Gari likienda kilomita 40 kwa saa, kani hushuka hadi robo yake, yaani nyutoni 31 tu. Kwa hiyo si ajabu kwamba gari lililotoka mashambani huwa tulivu katika njia ya udongo, likaja kuugua kwenye lami.

Funzo la kwanza la uchunguzi linatokana na hesabu hiyo: kabla ya kushika spana, magurudumu na yaoshwe, hasa upande wa ndani wa rimu.

KUINUA GARI HUBADILI NINI?

Kuinua gari hubadili mambo matatu kwa pamoja.

La kwanza ni pembe ya kasta. Mhimili ambao gurudumu hugeuka juu yake, yaani mstari wa kingpini, haukusimama wima. Ncha yake ya juu imelala nyuma kwa digrii chache. Mstari huo ukiendelezwa hadi chini, huigusa ardhi mbele kidogo ya mahali tairi linapokanyaga. Kwa hiyo tairi hufuata nyuma, kama gurudumu dogo la kitanda cha hospitali linavyoufuata mguu wa kitanda, na usukani hurudi katikati wenyewe. Kwa tairi lenye nusukipenyo cha mita 0.40 na pembe ya digrii 3, umbali huo ni 0.40 mara tanjenti ya digrii 3, yaani milimita 21.

Magari mengi yenye springi za mviringo hushika ekseli kwa mikono miwili mirefu iliyofungwa katika chasisi. Tuseme mkono una urefu wa sentimita 90, na gari limeinuliwa sentimita 5. Mkono huteremka kwa pembe ambayo saini yake ni 5 kwa 90, yaani digrii 3.2, na ekseli iliyokazwa juu yake huzunguka kwa kiasi hichohicho. Digrii 3 za kasta zimekwisha zote! Gari hutangatanga barabarani, na usukani haurudi. Katika magari yenye springi za majani, kurefusha vishikio vya springi nako hubadili pembe hiyo. Huiongeza au huipunguza, kufuatana na upande wa springi vilipofungwa.

La pili ni mlalo wa fito. Draglinki, ufito utokao steringi boksi kwenda gurudumuni, na ufito wa Panhard, unaozuia ekseli isiende kushoto wala kulia, hutakiwa kulala sambamba. Gari likiinuliwa, fito hizo husimama zaidi, na kama moja imerekebishwa na nyingine haikurekebishwa, usambamba hupotea. Hapo kila ekseli ipandapo juu, magurudumu hugeuzwa kidogo bila dereva kutaka.

La tatu ni ukubwa wa matairi. Momenti ya inesha ya tairi hufuata tungamo mara kipeo cha pili cha nusukipenyo. Tairi la kilo 30 lenye nusukipenyo cha mita 0.38 likibadilishwa kwa tairi la kilo 38 lenye nusukipenyo cha mita 0.42, inesha huongezeka zaidi ya mara moja na nusu, wakati beringi, bushi na fito ni zilezile za zamani. Mzigo umekua, mchukuzi hakukua.

KULEGEA NA MSUGUANO

Juu ya hayo matatu huja la nne, ambalo kwa kawaida ndilo humaliza kazi: kulegea kwa viungo. Bushi ya ufito wa Panhard ikiliwa, au tundu la bolti yake likipanuka, ekseli hupata nafasi ya kwenda upande. Nafasi ya milimita mbili tu huonekana ndogo kwa jicho, lakini ndani yake hakuna kinachozuia, na mtetemo hupata mahali pa kukulia.

Kingpini nayo ina kazi ambayo wengi hawaifahamu. Beringi zake hukazwa makusudi ili zitoe ukinzani kidogo gurudumu linapogeuka. Msuguano huo, ambao mahali pengine ungeitwa adui, hapa ni mlinzi, kwani ndio unaoila nishati ya mtetemo. Beringi zikichakaa, mlinzi amelala.

UCHUNGUZI HATUA KWA HATUA

Mchunguzi mwema hubadili jambo moja tu kwa wakati mmoja, kisha hupima tena. Anayebadili vitu vitano siku moja anaweza kuliponya gari, lakini hatajua ugonjwa ulikuwa upi, na mwenye gari atakuwa amelipia vitu vinne bure. Utaratibu ufuatao huanza na kilicho rahisi na kisicho na gharama.

1. Kuuliza. Mtikisiko huanza kwa pigo, au huja wenyewe kwa mwendo fulani? Ulianza baada ya kazi gani: kuinua, kubadili matairi, au safari ya matope?

2. Matairi. Yaoshwe, upepo upimwe, yatazamwe kama yamevimba au yameliwa upande mmoja. Kisha ya mbele yahamishiwe nyuma. Mtikisiko ukihama kutoka usukanini kwenda katika viti vya nyuma, mkosaji amepatikana: ni tairi au rimu. Kama haukuhama, uchunguzi uendelee.

3. Viungo vikiwa na mzigo. Gari lisimame chini kwa magurudumu yote manne, breki ya mkono ikiwa imevutwa na magurudumu ya nyuma yametiwa kabari. Mtu mmoja aketi usukanini, injini ikiwaka, auchezeshe usukani kidogo kidogo kulia na kushoto. Mwenzake atazame kila kiungo kutoka pembeni: ncha za tairodi, draglinki, ncha zote mbili za ufito wa Panhard, na mahali steringi boksi ilipofungwa katika chasisi. Kiungo kizima huenda pamoja na mwenzake. Kilicholegea huchelewa, kisha hudaka. Viungo vya usukani visipimwe kwa kuning'iniza magurudumu peke yake, kwani pasipo mzigo ubovu mwingi hujificha.

4. Beringi za gurudumu na kingpini. Sasa gurudumu liinuliwe kwa jeki, na ekseli iwekwe juu ya stendi imara. Asiingie mtu chini ya gari lililobebwa na jeki pekee. Gurudumu lishikwe juu na chini, litikiswe. Likicheza, msaidizi akanyage breki, nalo litikiswe tena. Mchezo ukitoweka, beringi ya gurudumu ndiyo iliyolegea, kwa kuwa breki imelifunga gurudumu na kichwa cha kingpini vikawa kitu kimoja. Mchezo ukibaki, kingpini ndiyo yenye kosa. Kwa kukanyaga pedali tu, ugonjwa mmoja umetengwa na mwingine.

5. Ukinzani wa kingpini. Tairodi ikishafunguliwa, mizani ya springi, ileile iliyoko katika maabara ya shule, hufungwa kwenye mkono wa kugeuzia gurudumu na kuvutwa. Kani inayotakiwa imeandikwa katika kitabu cha matengenezo cha gari husika. Ikiwa pungufu, hurekebishwa kwa kupunguza au kubadili vipande vyembamba vya bati vilivyo chini ya kifuniko cha beringi.

6. Pembe. Mwisho hupimwa kasta na kuelekeana kwa magurudumu. Kasta iliyopotea hurudishwa kwa bushi zenye tundu lililowekwa kando, au kwa mikono ya ekseli iliyoundwa kwa ajili ya gari lililoinuliwa. Wala isidhaniwe kwamba kasta ikizidi ndipo gari litakapotulia zaidi. Pembe iliyopita kiasi nayo inaweza kuuchochea mtikisiko. Kinachotafutwa ni kipimo cha mtengenezaji.

SHOKAPU YA USUKANI

Sasa jibu la swali la mwanzo li wazi. Shokapu ya usukani huila nishati ya mtetemo, na ikiwa mpya huila upesi. Kwa hiyo mtikisiko huzimika ingawa chanzo chake bado kipo. Lakini bushi iliyolegea huendelea kulegea, na shokapu yenyewe huchoka kwa kufanya kazi isiyokuwa yake. Siku inapochoka, ugonjwa hurudi ukiwa umekomaa. Ni sawa na mgonjwa wa malaria kumeza dawa ya kutuliza maumivu: homa hushuka, vimelea vimo damuni. Shokapu mbovu ibadilishwe, naam, lakini baada ya chanzo kuondolewa, si badala yake.

DEREVA AFANYEJE?

Mtikisiko ukianza njiani, dereva ashike usukani kwa uthabiti bila kushindana nao, aondoe mguu kwenye mafuta, na apunguze mwendo taratibu huku gari likienda moja kwa moja. Breki ya ghafula huulemeza upande wa mbele na yaweza kuzidisha hatari. Akishatulia, asimame pembeni pa barabara, atazame nati za magurudumu na fito za usukani. Kiungo kilichochezeshwa kwa ukali namna ile hulegea zaidi kila mara, na ufito wa usukani ukichomoka, hakuna ustadi wa dereva utakaoliokoa gari. Safari isiendelee kwa mwendo wa kawaida mpaka gari lichunguzwe.

JARIBIO LA DARASANI

Litafutwe gurudumu dogo lenye kugeuka, la kiti au la meza ya kusukumwa. Lifungwe chini ya ubao mzito, nao usukumwe juu ya sakafu ya saruji, kwanza polepole kisha kwa haraka. Wanafunzi waandike ni kwa mwendo gani gurudumu linaanza kuchezacheza. Kisha bolti ya mhimili ikazwe kidogo, au kipande cha ngozi kitiwe katikati ili kuongeza msuguano, na jaribio lirudiwe. Mwishoni donge la udongo libandikwe upande mmoja wa gurudumu. Matokeo ya hatua tatu hizo yalinganishwe na yale yaliyoelezwa juu ya kingpini na matope.

MASWALI

1. Tairi lina kipenyo cha mita 0.84. Huzunguka mara ngapi kwa sekunde gari likienda kilomita 90 kwa saa?

2. Donge la tope la gramu 150 limeganda sentimita 20 kutoka katikati ya gurudumu la swali la kwanza. Tafuta kani yake kwa mwendo huohuo.

3. Mkono wa ekseli una urefu wa sentimita 80. Gari likiinuliwa sentimita 7, pembe ya kasta itapungua kwa digrii ngapi?

4. Gurudumu linacheza likishikwa juu na chini, na bado linacheza breki ikikanyagwa. Taja sehemu inayoshukiwa, na ueleze sababu.

5. Fundi amebadili matairi, shokapu ya usukani na bushi zote kwa siku moja, na gari limepona. Eleza kwa nini huo haukuwa uchunguzi wa kisayansi, kisha pendekeza utaratibu ulio bora.